Kibaya Chajitembeza

Joxemiel hakuniuliza nina pesa ngapi.
Alinivulisha viatu, akanisimamisha ukutani
kama mtoto anayepimwa kimo,
akanipa daftari la madeni ya duka, gumu, jekundu:
"Libane katikati ya mapaja, juu kabisa, usione haya.
Hapo ndipo baiskeli inapoanzia."
Akachora mstari kwa penseli.
Sentimita sabini na sita na nusu.
Miaka arobaini na tisa nimeishi juu ya miguu hii
na sikuwahi kujua urefu wake.

Nje, Eibar ilinyeshewa mvua yetu nyembamba,
ile isiyo na sauti, inayofika hadi kwenye soksi.
Mfukoni nilikuwa na yuro elfu moja mia tisa,
bei ya mashine ya baba ya kukereza chuma,
iliyoondoka Jumanne kwa lori kwenda Zaragoza
ikaacha alama nne za mafuta sakafuni.
Kwa hiyo sikuja kutazama. Nilikuja kununua.

Ile nyeusi ilikaa dirishani.
Kaboni tupu, kilo saba na kidogo,
fremu bapa kama kisu cha kupasulia samaki,
usukani wenye pembe mbili za kulalia viwiko.
Kizuri chajiuza, walisema waliosema.
Hii ilikwisha kujiuza kwangu
kabla sijafunga mwavuli.

Nikaijaribu barabara ya mtoni. Tambarare, lo!
Upepo ulinipisha kama mgeni rasmi.
Kisha njia ikainuka kuelekea Arrate,
na mimi, kifua juu ya pembe, shingo imekunjwa,
sikuuona mlima.
Niliona tairi la mbele na jasho langu likilidondokea.
Dakika ishirini, vidole vya mwisho vikafa ganzi.
Saa sita zina dakika ishirini mara kumi na nane.
Hesabu hiyo niliipiga nikiteremka, breki zikilia.

"Unashindana na nani?"
Nikasema: bahari kwanza, kilomita mbili;
halafu tisini za baiskeli;
halafu mbio, kama miguu itakuwa bado yangu.
"Na baada ya mashindano?"
Baada ya hapo nataka kwenda Pamplona kumwona dada
na kurudi, bila kupanda treni.
"Ahaa," akasema,
kama daktari aliyeinua picha ya mfupa kwenye taa.

Akaingia stoo, akarudi na nyingine.
Aluminiamu. Rangi ya dawa ya kikohozi.
Mtu wa Elgoibar aliiagiza, akaikana
alipoiona kwenye mwanga wa mchana.
Usukani umekaa juu kidogo, tairi nene kidogo,
gia ya nyuma pana kama kisahani cha kikombe.
"Pembe tutazifunga Ijumaa ya mashindano,
tutazifungua Jumatatu. Kiti tutakitafuta taratibu,
hakuna anayekaa kwa makalio ya mwenzake."
Ni nzito kuliko ile, nikasema, kilo moja na robo.
Akanitazama tumboni, kwa heshima zote:
"Hiyo kilo tutaitoa kwingine."

Kibaya chajitembeza.
Nusu hii ya methali sikuwahi kuisikiliza.
Nilipanda nayo Arrate, na kweli, ilijitembeza:
nikaona ng'ombe, nikaona mwanamke
akianika shuka mvuani kwa ukaidi,
nikaona mapaa ya karakana kule chini,
mojawapo mlango umefungwa.
Kileleni nilihesabu vidole. Vyote kumi.

Chenji ilitosha pampu, tyubu tatu
na suruali yenye sponji, ambayo sitaieleza.

Ghorofa ya nne, hakuna lifti.
Mama akafungua mlango,
akaikagua kutoka pedali hadi kengele.
"Mashine ya baba yako ndiyo imekuwa hii?"
Ndiyo.
"Na rangi gani hii, Garbiñe?"
Akalowesha kidole, akafuta tope kwenye fremu,
kisha akasogeza meza ya simu
ipate pa kusimama.